Reli ipo Athi River, lakini Wasini bado ni mbali

TANGU 2017, mkazi wa Athi River anaweza kupanda gari moshi la Madaraka Express, lile linalosimama vituoni njiani, akashuka Miritini, Mombasa. Akivuka Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga, atafika Shimoni, mkabala na kisiwa cha Wasini. Karibu na hapo, katika mbuga ya baharini ya Kisite, wageni huvaa miwani na mrija wa kupumulia, wakaelea wakitazama samaki wa matumbawe.

Watalii wa ng'ambo wanapoadimika, kama ilivyokuwa mwaka 2008 na 2020, Wakenya huhimizwa kuizuru nchi yao. Wito huo humpita mshonaji nguo wa EPZ. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa, akitimiza miezi 12 kazini, likizo ya siku 21 zenye malipo kamili. Lakini mshahara huo ukishalipia chumba, unga na karo, kinabaki nini? Ada ya mbuga kwa raia ni nafuu kuliko ya mgeni, ila haipunguzi nauli, malazi wala gharama ya mashua.

Mwajiri wake, kwa leseni ya EPZ, husamehewa kodi ya mapato miaka 10 ya kwanza. Mshonaji hutumia siku zake 21 kijijini, akipalilia shamba la wazazi.