Fidia ya shamba ilipwe aliyelilima

Kampuni ya madini inapotaka ardhi ya kijiji pembezoni mwa Lubumbashi, watu wake huja na mkanda wa kupimia, karatasi za kujaza na swali ambalo mara nyingi ndilo la kwanza: “Baba eko wapi?” Mama anayeulizwa ndiye aliyelima, akapanda, akapalilia. Anajua muhogo upi uko tayari kung'olewa na upi usubiri mwakani. Lakini karatasi hujazwa jina la mkuu wa nyumba, naye ndiye anayetia sahihi na kupokea pesa. Hiyo ni dhuluma, hata kama kila ukurasa una muhuri.

Mazoea haya ni ya zamani. Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya Wabelgiji iliyoanza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, iliajiri wanaume. Mke wa mfanyakazi kambini alihesabiwa mtunza nyumba, anayekula posho ya kazi ya mumewe. Kisha neema ikakatika. Gécamines, kampuni ya Serikali iliyorithi migodi yake na kutoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufikisha hata tani 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kwa kina jinsi mgogoro huo ulivyopindua maisha ya familia. Mshahara wa baba ulipokoma, ni jembe na biashara ndogo za mama vilivyoinjika sufuria, na katika nyumba nyingi bado ni hivyo.

Anayetaka kuona, afike kwenye bonde la Kafubu wakati wa kiangazi, kabla ya jua kutoka. Wanawake wanakwenda kisimani na kurudi, bidoni moja kila mkono, wakimwagilia tuta baada ya tuta la lengalenga. Mtoto yuko mgongoni. Maji hayamwagwi kwa pupa, maana miche michanga hulala. Jua likipanda kidogo, wachuuzi wanafika kuchagua mboga, na mchana mboga hiyo iko mezani kando ya bukari, yaani ugali. Mvua za Novemba zikianza, mikono hiyo hiyo inahamia kwenye mahindi.

Sheria haiko upande wa anayemnyima mama haki yake. Ni kweli kwamba Sheria ya Familia ya 1987 ilimlazimu mke kupata ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mkataba, lakini marekebisho ya Julai 2016 yaliifuta ruhusa hiyo. Katika urithi, mtoto wa kike na wa kiume wana mafungu sawa. Tatizo liko kwenye udongo wenyewe. Sheria ya ardhi ya 1973 iliufanya kuwa mali ya Serikali, ikaahidi kwamba amri ya Rais ingefafanua haki za wanaoishi kwenye ardhi ya kimila. Miongo zaidi ya minne ikapita bila amri hiyo. Mjane wa kijijini akabaki akitegemea kauli ya chifu na huruma ya mashemeji.

Wapo watakaotaja mila. Mila ipi? Balamba, wenyeji wa nchi ambayo Lubumbashi ilijengwa juu yake, hufuata ukoo wa mama, kama wafanyavyo Babemba. Mwanaume akidai kwamba mababu walikataza mwanamke kuwa na shamba, aulizwe ni mababu wa nani.

Hasara ni ya wote. Ripoti ya FAO ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba mashamba yanayosimamiwa na wanawake duniani hutoa mavuno pungufu kwa asilimia 24 kuliko ya wanaume yenye ukubwa ule ule, na kwamba katika kilimo cha ajira mwanamke hupata senti 82 pale mwanaume anapopata dola moja. Si uvivu. Asiye na hati hakopesheki, asiyekopesheka hanunui mbolea, na udongo wenye asidi wa huku Katanga hausamehe. Jiji hili linalisha watu kwa unga wa Zambia, na mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, wake kwa waume waliujua uzito wa kutegemea magunia yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa. Kumnyima mama mbolea ni kujinyima unga.

Na kibarua wa kike anayetakiwa kulala na msimamizi ili apewe siku ya kazi, huyo naye ana sheria: unyanyasaji wa kingono ni kosa la jinai nchini tangu 2006. Waajiri wa mashamba wawaambie wasimamizi wao hivyo waziwazi.

Kuhusu ardhi na fidia, kuna mahali pa kuanzia bila kungoja Kinshasa. Kanuni ya Madini ya 2018 inazitaka kampuni zikubaliane na jamii kuhusu majukumu yao na kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Vikao vya makubaliano hayo ndivyo vya kudai kwamba orodha ya fidia iwe na majina ya mume na mke, na mazao yalipwe kwa aliyeyapanda. Ndipo pa kuomba visima na pampu kwa mabonde ya mboga. Wanawake wanaolima wajichagulie wenyewe wajumbe wao, na kikao kiitwe mchana, si alfajiri wakati wa kumwagilia.