NG'OMBE HANA UFUNGUO WA BWAWA



Taa zikizimika katika nchi hii, mkosa hatafutwi, amekwisha patikana. Ni mfugaji wa Usangu na ng'ombe wake. Ni mkulima wa mpunga na mfereji wake. Mwaka 2006 umeme ulipogawiwa kwa zamu, wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu na Ihefu, nao wakaondolewa. Twauliza: hesabu ilipigwa kabla ya hukumu?

Haya, tuipige. Bwawa la Kidatu, lililomalizika 1975, lina mitambo ya megawati 204, lakini ni dogo. Ghala lake ni Mtera, bwawa kubwa lililojengwa juu yake ili maji ya masika yafae kiangazi. Katikati yao mto Lukosi na mingine huingia Ruaha Mkuu bila kupita Mtera. Basi kanuni yake hata mtoto wa shule huielewa: Lukosi ikijaza Kidatu, funga Mtera, ikipungua, fungua.

Lakini tangu 1988 Mtera nayo ina mitambo yake, megawati 80. Atakaye umeme wa Mtera leo hufungua maji. Na maji hayo yakikuta bwawa la Kidatu limejaa, hupita hapo bure. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wataalamu waliyaweka mabwawa hayo mawili katika mfano mmoja wa hesabu, wakachapisha matokeo 2003. Waliona kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mtera ilifunguliwa pasipo haja, na giza likafuata. Je, ng'ombe ndiye aliyeshika ufunguo?

Hatusemi Usangu haina kosa. Tangu mwanzo wa miaka hiyo ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na mifereji inayoachwa wazi baada ya mavuno ina sehemu yake. Hilo tulikemee. Lakini Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na kijito cha Oktoba. Makosa mawili yasitwikwe mtu mmoja, eti kwa sababu hana wa kumsemea.

Tena jambo hili limekua. Chini ya Kidatu na Kilombero sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na chini yake wanaishi ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti, waliokumbwa na mafuriko Aprili 2024. Kila bwawa likiendeshwa kwa hesabu yake peke yake, wa juu atalaumiwa kwa ukame na wa chini atazama kwa mafuriko.

Tunadai haya: bonde zima lipigiwe hesabu moja, toka Usangu hadi baharini, kanuni ya kufungua na kufunga itangazwe kabla ya masika, kwa Kiswahili, katika kila kijiji, na anayeivunja aulizwe, awe mkubwa au mdogo.

Wanachama, liulizeni jambo hili katika kila tawi. Mto ni mmoja, na sisi tuwe wamoja!