MAJADILIANO YETU YA MASOMO YASIPOTEE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nawakumbusha wenzangu neno hilo, kwa kuwa majadiliano ya masomo tunayofanya kwa simu wakati wa likizo ni mali, nayo yatupotea kila siku.

Likizo iliyopita nilitafuta maelezo ya hesabu za moli ambayo mwalimu wetu wa Kemia alituandikia katika kikundi cha darasa. Simu ni ya mama. Mimi huipata baada ya chakula cha jioni, naye huitaka kabla ya kulala. Nilipita salamu, vichekesho, matokeo ya mpira na pole za msiba. Nilipoyafikia maelezo yale, bando lilikuwa limekwisha, na picha ya jibu haikufunguka. Kesho yake mwenzangu akauliza swali lile lile, na mwalimu, kwa subira yake, akaandika upya.

Wako wasemao kwamba mwenye bidii hakosi, basi kila mtu na ajitafutie. Ni rahisi kusema hivyo kwa mwenye simu yake. Sisi tunaoazima bidii yetu ina saa moja tu, na haifai saa hiyo iishie katika kutafuta.

Dawa yake si ngeni. Imo katika maktaba. Mwaka 1876 Melvil Dewey wa Marekani alitoa utaratibu wa kupanga vitabu kwa namba za elimu zake: 530 ni fizikia, 540 ni kemia, 900 ni historia na jiografia. Msomaji haulizi kitabu kililetwa siku gani, bali chahusu nini. Sisi twaacha maneno yetu yajipange kwa siku na saa tu, ndiyo sababu hatuyaoni.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, kikundi cha masomo kitengwe na kikundi cha salamu. Pili, kila mjadala uanze kwa kichwa cha namna moja, yaani somo, kidato na mada, kama hivi: KEMIA 3 MOLI. Atumaye picha au sauti naye aandike kichwa hicho, ili neno likitafutwa katika simu lionekane. Tatu, kila somo liwe na mwandishi wake, ambaye kila Jumamosi ataandika orodha ya vichwa vya juma hilo pamoja na tarehe zake.

Walimu wetu twawaomba watusaidie kuusimamia utaratibu huu, na wazazi wavumilie kutuazima simu. Tukiuanza likizo ijayo, mwalimu ataandika mara moja, na hata atakayechelewa kupata simu atasoma.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu