Mnahesabu wageni, nani anahesabu wenyeji?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwenye simu, leo naanza na samaki. Msicheke kwanza.

Watoto wa avenue yetu wana video wanayoirudia kila jioni. Samaki mdogo wa rangi ya chungwa, mwenye mistari myeupe, anaingia na kutoka kwenye kitu kama ua lenye vidole vingi laini, ndani ya sanduku la vioo sebuleni mwa mtu. Wanamwita Nemo, kwa sababu ya ile filamu ya katuni ya mwaka 2003. Swali walilonipa halikuwa la kitoto: hapo mwenyeji ni nani, na mgeni analipa nini?

Hilo si ua. Ni mnyama, anaitwa anemoni wa bahari. Anajishika kwenye mwamba, na vidole vyake vina sumu; samaki mwingine akivigusa anapooza na kuliwa. Kwetu Ziwa Kivu hayupo, maji yetu hayana chumvi, na sambaza wetu hawapangi nyumba kwa mtu. Lakini kwenye Bahari ya Hindi, kuanzia Kenya hadi Zanzibar na Mafia, wako, na wana samaki wao. Nemo wa filamu ni wa mbali zaidi, upande wa Asia na Australia. Wa pwani ya Afrika Mashariki mmoja ni wa rangi ya kahawia iliyokolea, mapezi ya manjano, mistari miwili myeupe. Tabia ni moja.

Samaki huyo haumii kwa sababu ana utelezi mwilini unaomkinga. Hata hivyo haingii kwa kishindo. Anagusa kidogo kwa mkia, anarudi nyuma, anagusa kwa tumbo, mpaka azoeleke. Wanaomfuga nyumbani wanasema aliyezaliwa ndani ya vioo, ambaye hajawahi kumwona anemoni, anaweza kukaa wiki au miezi bila kumkaribia. Wengine wanajibanza kwenye matumbawe laini, au pembeni ya pampu ya maji, na hapo ndipo wanapaita kwao. Kumlazimisha hakusaidii.

Sasa malipo. Samaki analindwa na ile sumu, analala humo, anataga mayai chini ya ubavu wa anemoni. Na yeye anawafukuza samaki wanaokuja kumla mwenyeji. Uchafu wake ni mbolea kwa mimea midogo sana inayoishi ndani ya mwili wa anemoni na kumlisha. Usiku anapepea kati ya vidole na kumpitishia maji mapya. Watafiti waliolinganisha wameona anemoni mwenye samaki anakua haraka kuliko aliye peke yake.

Nilipowaeleza hivyo, mzee mmoja aliyekuwa anasikiliza kando akatoa methali yake: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Namheshimu mzee wangu, ila hapa Goma jembe la shamba gani? Tumekaa juu ya mawe ya volkano. Aliyekimbia Masisi ameacha shamba lake huko, pamoja na hilo jembe. Na maneno haya ya "wadeplase wametujaza" nimeyasikia kwenye foleni ya maji, sokoni Virunga, hata kwenye simu za wasikilizaji wetu.

Watu wa Goma tukumbuke kidogo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, alfajiri, gavana wa kijeshi akaamuru kartie 10 kati ya 18 za mji ziondoke. Tulikwenda Sake kwa miguu na kwa moto, wengine Minova, Rutshuru, Gisenyi, wengine kwa mashua hadi Bukavu. Sake walitupokea. Walitupa ua wa kulala, sufuria, na maji ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo ya kutosha. Mwezi wa 2 mwaka 2024 vita vikafika Sake, na waliotupokea ndio wakaja kugonga milango yetu. Kwa hiyo nani mwenyeji, nani mgeni? Inategemea mwaka unaouliza.

Lakini sikuleta habari ya samaki ili tu niwaambie muwe na huruma. Huruma mnayo, nimeiona. Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wa samaki hawa wanalijua na sisi tunalifumbia macho.

Mtu akinunua anemoni mdogo, akamtia kwenye maji ambayo bado hayajatulia, kisha siku hiyo hiyo akamwekea samaki wawili wakubwa, anaweza kumuua anemoni. Wale samaki hawana ubaya. Wanamsugua mchana kutwa, wanampokonya chakula kabla hajameza, na yeye ananywea. Au anaachia mwamba, anatembea kutafuta mahali pengine, ananaswa kwenye pampu, anaoza, na maji yote yanaharibika pamoja na waliomo. Kwa hiyo wenye ujuzi wanashauri: subiri miezi 6 au zaidi maji yatulie, mpe mwenyeji mwanga, mlishe akue, ndipo ulete samaki.

Sisi hatuna miezi 6 ya kusubiri. Risasi hazingoji. Ila sehemu ya kumlisha mwenyeji tunaweza kuifanya, na karibu hakuna anayeifanya.

Chukueni parsele ya kawaida huku Ndosho: vyumba viwili vya mbao, bati juu, choo kimoja pembeni kwenye mawe ambayo hata kuchimba ni shida. Baba anaendesha moto, mama anauza makaa. Watoto watano. Inakuja familia ya shangazi, halafu jirani wa shangazi. Bidoni nne za maji kwa siku zinakuwa kumi. Choo kinajaa. Mwenye parsele anaona watu wamezidi, anapandisha kodi. Msaada ukija, anayeandikwa ni mgeni. Aliyempokea anasimama pembeni akiangalia gunia likipita mlangoni kwake. Mwisho anashindwa kodi, na siku hiyo wanatoka barabarani wote, mgeni na mwenyeji.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya waliohama huku mashariki mwa Kongo wamekaa kwenye familia, si kambini. Na tangu kambi za kandokando ya mji zilipovunjwa mwezi wa 2 mwaka 2025, wengi walirudi vijijini, na walioshindwa kurudi wakaingia kwenye nyumba za watu. Bashi nyeupe inaonekana kwa mbali, mpiga picha anaijua. Godoro lililotandikwa chini ya meza kwa mama fulani halionekani.

Niwaambie jambo moja zaidi kuhusu samaki hao, maana limenikaa moyoni. Kwenye anemoni mmoja wanapangana kwa ukubwa: mkubwa kuliko wote ni jike, anayefuata ni dume wake, kisha wadogo. Wale wadogo wanazuia miili yao isikue, ili wasimfikie aliye juu yao na kufukuzwa. Mama zangu mnaowapokea watoto wa watu, mwangalieni yule anayekula polepole, anayesema ameshiba kabla ya wengine, anayefagia ua kabla hajatumwa. Msimsifu tu kwamba ana adabu. Mwongezeeni bugari.

Na kwa wanaoandika orodha, mashefu wa avenue na watu wa misaada: kwenye karatasi zenu ongezeni safu moja, jina la aliyepokea na idadi ya watu wake. Mkileta maji, yahesabiwe kwa parsele nzima. Mkiwa na pesa kidogo, chimbeni choo cha pili kabla ya kugawa ndoo nyingine, au mlipe kodi ya miezi mitatu kwa jina la nyumba yote. Wenye parsele nao nawaomba: mkitaka kupandisha bei kwa sababu vichwa vimeongezeka, ingieni kwanza ndani mwone hao watu wanalala wapi.

Kama kwenu kuna familia inayokaa na wageni na haijaandikwa popote, mwambieni shefu wenu wiki hii. Akikataa kuandika, tutamuuliza hewani.