Safari ya samaki na mtihani wetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wa nchi kavu na wa majini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika Suratul A'raf tunasimuliwa habari za watu wa mji uliokuwa kando ya bahari. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na ikawa siku hiyo hiyo ndiyo samaki walijitokeza kwa wingi. Siku nyingine hawakuonekana. Wafasiri wanaeleza kuwa baadhi ya watu hao walifanya hila: walitega Ijumaa na kukusanya Jumapili, wakidai kuwa hawakuvua siku iliyokatazwa. Tunawashangaa. Je, tuna yakini kuwa sisi hatufanani nao?

Allah amewapa samaki wengi majira na njia zao. Samoni huanguliwa katika mito ya nchi za kaskazini, akateremka baharini penye chakula kingi, na akishakomaa hurejea mtoni kutaga, kwa kuwa huko mayai yake husalimika zaidi. Akiwa baharini mashavu yake hutoa chumvi iliyozidi mwilini. Akiingia maji matamu, mashavu hayo hayo huvuta chumvi chache iliyomo. Katika bahari kuu huongozwa na usumaku wa dunia, na akikaribia pwani hufuata harufu ya mto alikozaliwa. Mwaka 1951 wataalamu wa Marekani, Arthur Hasler na Warren Wisby, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa samaki huweza kupambanua harufu za mito. Mkunga wa Ulaya hufanya kinyume chake: hukulia mitoni, kisha huvuka Bahari ya Atlantiki kwenda kuzaliana. Ni nani aliyewafundisha, kama si Yule aliyekipa kila kitu umbile lake kisha akakiongoza?

Hapa kwetu tunaye ningu wa Ziwa Victoria. Mvua zinyeshapo na mito kufurika, huacha ziwa na kupanda mito kama Kagera na Nzoia, akataga mahali ambapo mafuriko yamefunika majani, ili watoto wake wapate chakula na maficho. Wazee wetu walimvua kwa migono, naye hakutoweka. Zilipokuja nyavu za kisasa, watu wakazitega midomoni mwa mito wakati wa kupanda kwake, wakamnasa akiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa ameshapungua mno. Kumngoja samaki katika njia ya uzazi wake na kumziba asipite, hiyo nayo ni hila.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mvuvi huuliza: watoto wangu watakula nini kwa miezi 3? Hilo ni swali la haki, wala halijibiwi kwa mawaidha matupu. Mwenye kumwambia mvuvi asubiri hana budi kumsaidia kusubiri. Mafakiri na masikini wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka. Basi misikiti ya kandokando ya maziwa na pwani iwaandikishe wavuvi wahitaji kabla ya majira ya kufungwa, na matajiri watoe mapema. Hapo ndipo amri ya kusubiri itakapokuwa na uadilifu.

Lakini dhima haimuangukii mvuvi peke yake. Mwenye chombo anayetuma vijana usiku kuvua kwa nyavu haramu, mchuuzi anayenunua samaki wachanga, na sisi tunaowapeleka jikoni kwa kuwa ni rahisi, sote tumo. Sheria yetu imekataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wenzake, na mwenye kuvua kizazi kizima huwadhuru hata ambao hawajazaliwa.

Katika mji ule walikuwapo waliovunja amri, waliokataza uovu, na waliouliza kuna faida gani kuwaonya. Qur'ani inatueleza kuwa waliokataza uovu waliokolewa. Kila nyumba na ijiulize leo iko katika kundi gani.

Allah atujaalie kuridhika na halali, na atuwezeshe kuwaachia watoto wetu riziki tuliyoikuta. Amin.