Kilio Kitupu Hakimlizi Msomaji

Tungo nyingi zinazonifikia siku hizi kutoka kwa washairi chipukizi hazina kasoro ya vina wala ya mizani. Ukwapi umelingana na utao, kituo kiko mahali pake, na msamiati umeteuliwa kwa uangalifu. Hata hivyo, nifikapo ubeti wa nne hujikuta nikihesabu beti zilizosalia. Mshairi analia tangu ubeti wa kwanza hadi wa kumi na mbili, nami msomaji sijatokwa na chozi hata moja. Kwa nini?

Jibu langu ni hili: utungo huo hauna ukinzani. Sisemi kwamba hauna mgogoro wa watu wawili, la hasha. Nasema hauna mahali ambapo jambo moja linakutanishwa na kinyume chake, ili kila moja limulikwe na mwenziwe. Sikio la binadamu halipimi sauti ikiwa peke yake, bali hupima tofauti baina ya sauti hiyo na iliyoitangulia. Ndiyo maana aliyezoea kuishi jirani na mashine ya kusaga haisikii tena inapovuma, lakini hushtuka siku inapozimwa.

Wazee wetu waliolijenga umbo la ushairi wa Kiswahili walilijua jambo hili vizuri, wakalitia ndani ya mifupa ya utungo wenyewe. Tuutazame utenzi. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kinatoka nje ya kundi, kikabeba kina kingine ambacho hukirudia ubeti hadi ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Vitatu vinakubaliana, cha nne kinapinga. Lau vipande vyote vinne vingekuwa na kina kimoja, utenzi wa beti mia mbili ungemlaza msikilizaji usingizi. Na lau kila kipande kingekuwa na kina chake, asingekuwa na cha kukingojea. Vile vitatu ndivyo vinavyomjengea msikilizaji tarajio, na cha nne ndicho kinacholigeuza.

Shairi la mishororo minne nalo lina hila iyo hiyo. Katika tungo nyingi za kale, hasa zile za Mombasa za enzi ya Muyaka bin Haji, mishororo mitatu ya mwanzo hufuata mpangilio mmoja wa vina vya kati na vya mwisho, kisha mshororo wa nne huugeuza: kina kilichokuwa mwishoni huhamia katikati, na mwisho hupewa kina kingine. Wanafunzi wetu hufundishwa kuutaja mpangilio huo ili wajibu swali la mtihani. Ni wachache wanaoambiwa unafanya kazi gani. Mgeuko wa sauti ni ishara kwamba maana nayo igeuke hapo. Mshairi anayeugeuza mshororo wa nne kwa sauti, lakini kwa maana akaendelea kusema yale yale ya mishororo mitatu ya kwanza, amejenga mlango akasahau kuufungua.

Tuziache kanuni, tuende kwenye kazi zenyewe. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inazungumzia kuporomoka kwa utukufu wa Pate. Mshairi angeweza kuomboleza tu. Badala yake anatupeleka kwanza ndani ya majumba yanayong'aa kwa taa, yenye vidaka vilivyopangwa vyombo vya kauri. Kisha anaturudisha katika majumba yale yale. Popo ndio wenyeji wapya, na katika vidaka vile vile wamelala makinda ya ndege. Angalieni kwamba hakuhamia mahali pengine ili kutuonyesha uharibifu. Alikitumia kidaka kile kile mara mbili. Huzuni ya msomaji haitoki katika kidaka cha kwanza wala cha pili, hutoka katika nafasi iliyo baina ya viwili hivyo, na nafasi hiyo msomaji huijaza mwenyewe.

Katika hadithi ukinzani hufanya kazi kwa njia nyingine, nayo ni kuizoesha akili jambo fulani kisha kulivunja. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, Karama anasimama barazani kujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita. Kila mjumbe anasafiri, anarudi na jambo jema kwa ajili ya nchi yake, na kila mmoja malipo yake ni kifungo. Wako wanaolalamika kwamba visa hivyo sita vinafanana mno. Naam, vinafanana, na ndivyo vinavyopaswa kuwa. Mara sita msomaji anafundishwa kwamba wema katika nchi ile huishia gerezani. Kwa hiyo Karama mwenyewe anapoachiliwa huru, uhuru wake una uzito ambao usingekuwepo lau hadithi ingekuwa na mjumbe mmoja tu.

Lugha nyingine nazo zinaijua siri hii. Katika Macbeth ya Shakespeare, mara tu baada ya mfalme Duncan kuuawa usiku, lango linagongwa, na anayejitokeza ni bawabu mlevi mwenye maneno ya kuchekesha. Mwaka 1823 Thomas De Quincey aliandika insha nzima kuhusu kugongwa kwa lango hilo, akieleza kwamba ni pale maisha ya kawaida yanaporejea ndipo tunapotambua kwamba muda mfupi uliopita yalikuwa yamesimama. Mlevi yule hapunguzi hofu ya mauaji. Anatupatia kipimo cha kuipimia.

Muziki unatoa ushahidi ulio wazi zaidi, kwa kuwa hauwezi kujificha nyuma ya maana za maneno. Ngoma ya dumbaki ina milio miwili mikuu: dum, ambao ni mzito na hupigwa katikati ya ngozi, na tak, ambao ni mkali na hupigwa ukingoni. Mwondolee mpigaji mmoja wapo, mdundo wote umekufa. Katika tarabu ya kikale, ile ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoasisiwa Zanzibar mwaka 1905, onyesho huanza kwa bashrafu, muziki wa ala pekee. Msikilizaji huandaliwa bila neno, ili neno la kwanza la mwimbaji liingie mahali palipokuwa pakilisubiri. Baadaye mwimbaji hunyamaza, fidla zikajibu. Kiitikio cha wengi huipokea sauti ya mmoja. Halafu angalieni wapi nyimbo hizo huimbwa: arusini! Penye shangwe, pilau na udi, mtu anaimba habari za mpenzi aliyekhini ahadi, na wanaomtunza ni wenye furaha tele. Anayeona ajabu hapo hajajua kwamba sherehe hunoga pale inapokumbushwa kinachoweza kupotea.

Kwa sababu iyo hiyo sifurahishwi sana na baadhi ya tarabu za kisasa. Si kwa kuwa zinatumia kinanda cha umeme, maana kila zama na ala zake. Kinachonikwaza ni kwamba vyombo vyote hupigwa kwa nguvu zote tangu mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji hana pa kupandia kwa sababu alianzia juu. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wimbo usiojua kushuka haujui kucheza.

Hata hivyo, ukinzani una masharti, na historia ya ngonjera inatufundisha sharti moja kubwa. Mathias Mnyampala alitutunzia tungo hizo katika Ngonjera za UKUTA, na sisi tuliosoma shule katika miaka ya 1970 tulizighani kwa bidii. Umbo la ngonjera limejengwa juu ya ukinzani: huyu anapinga, yule anajibu. Lakini katika ngonjera nyingi za majukwaani, mpinzani alipewa hoja dhaifu makusudi, na kila aliyeketi ukumbini alijua kwamba kufikia beti za mwisho atatubu na kushukuru. Huo ni ukinzani wa jina. Ulinganishe na "Mnazi: Vuta N'kuvute" katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyochapishwa mwaka 1973 ikiwa na tungo alizozitunga kifungoni. Ndugu wawili wanaugombea mnazi, mmoja yuko juu na mwenziwe yuko chini, na maneno ya kila mmoja yana makali yake. Huwezi kulala katikati ya ugomvi huo. Kwa hiyo mshairi anayetaka kuleta upande wa pili aupe nguvu za kweli, la sivyo asiulete kabisa.

Ili nisiwe mhubiri wa nadharia tupu, nimeutunga kwa ajili ya makala haya ubeti wa aina ninayoilalamikia. Mada ni kifo cha mama:

Nalia mimi nyumbani, machozi yanibubuja,
Majonzi tele moyoni, nguvu zangu zimevuja,
Huzuni haishi ndani, kila siku inakuja,
Nimekwama simanzini, na faraja haijaja.

Hesabuni mizani, imetimia. Kagueni vina, vimekamilika. Lakini machozi, majonzi, huzuni na simanzi ni watu wanne wa ukoo mmoja waliovaa kanzu moja. Mshororo wa nne haukuongeza kitu ambacho wa kwanza hakukisema. Sasa sikilizeni ubeti huu juu ya mama yule yule:

Kinu chake ki uani, mchi umekilalia,
Kuku wake mlangoni, mtama wakililia,
Wajukuu barazani, utani wasimulia,
Nani atawaambia, paukwa leo jioni?

Sidai kwamba huu ni ubeti wa kushindania tuzo. Ninachodai ni kwamba hauna neno machozi wala neno huzuni, na bado unauma zaidi ya ule wa kwanza. Kinu kimetulia ilhali kuku wana njaa. Wajukuu wanacheka, kwa kuwa jioni haijafika. Mshororo wa nne unavigeuza vina na papo hapo unaigeuza hali. Aliyefiwa humo ndani hakutajwa hata mara moja, ila msomaji amekwisha kumwona.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza: mwenye msiba atawezaje kutafuta kicheko cha kutilia katika utungo wake? Je, huo si uongo? Nawajibu kwamba uongo ni kuuondoa. Nani kati yetu amewahi kuhudhuria matanga yasiyo na kicheko? Watani huja, hukejeli hata marehemu, na wafiwa hucheka huku macho yakiwa mekundu. Mshairi anayeandika kilio kitupu ameikata sehemu moja ya ukweli akaitupa.

Ya pili: zipo tungo ambazo uzuri wake ni kutobadilika, kama vile bembelezi. Hilo nalikubali, kwa kuwa bembelezi halikusudiwi kumwamsha mtu. Lakini hata huko, sikilizeni maneno ambayo mama zetu huyaimba. Mara nyingi sauti inambembeleza mtoto huku maneno yakisimulia mashaka ya mama. Mtoto anapata usingizi, mama anapata pa kusemea, na wimbo mmoja umewabeba wote wawili.

Ya tatu itatoka kwa watungaji wa mashairi huru, ambao watasema kwamba haya ni matatizo ya wanamapokeo. Tangu Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kitoke mwaka 1974, tumebishana miaka mingi kama utungo usio na vina ni shairi au si shairi. Sitaki kuufufua ubishi huo hapa. Nasema tu kwamba aliyeviacha vina ameacha chombo kimoja cha kuleta mgeuko, basi ana wajibu wa kutafuta kingine: urefu wa mshororo, kimya, picha, au sauti ya mtu wa pili. Kilio kitupu huchosha kikiwa na vina, na huchosha kisipokuwa navyo.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu wenzangu walioko madarasani. Tunawafundisha wanafunzi jina la tanakuzi, wanalikariri, wanalitolea mfano, wanapata alama. Baada ya hapo wengi wao hawashiki tena diwani maishani mwao. Hilo ndilo linalonisikitisha, kwa sababu mtoto aliyecheka sungura alipomshinda fisi tayari anakijua kile tunachokiita tanakuzi. Alikijua kabla hajajua kusoma. Tumsomee ubeti kwa sauti, tusimame kabla ya mshororo wa nne, tumuulize anatarajia nini. Tukiisha kumsomea, tumuulize ni nini kilichogeuka. Jina la tamathali litakuja lenyewe baadaye.

Nanyi washairi, kabla hamjautoa utungo wenu kwa wasomaji, wekeni kidole mahali unapogeukia. Kidole kikikosa pa kutua, rudini uani mkatafute kinu.