Makofi ya jukwaani hayanunui kitambaa

Tangu Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam mwaka 2008, wabunifu chipukizi wa mavazi wa Afrika Mashariki wamepata jukwaa la kuonyesha kazi zao. Ni jambo la kupongezwa.

Hata hivyo, makofi yakiisha, biashara ndiyo inaanza. Mbunifu akipata oda ya magauni 50 anahitaji majora machache tu, ilhali viwanda vya nguo hutaka oda kubwa. Wakati huo huo, sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa huuzwa nje kabla ya kufumwa.

Wakulima wa pamba huuza kupitia vyama vya ushirika. Wabunifu nao waungane, wanunue kitambaa kwa pamoja. Waandaaji nao wawaalike wenye viwanda, wawakalishe viti vya mbele.